Tanga tuhesabu visima vya Buliisa, viwanja vya Chongoleani tumeshavihesabu vya kutosha

Hapa Tanga sa hivi kaa kijiweni popote, Makorora, Mabawa, hata kule Deep Sea kwenye samaki, haipiti muda Chongoleani, pale linapoishia bomba la mafuta la kutoka Uganda, imeshatajwa. Dalali atakwambia kiwanja kilikuwa bei gani kabla ya 2017 na leo bei gani, kijana atakuuliza kama unamjua mtu ndani wa kumpelekea CV, mzee mmoja atasema haya mambo yeye anayaangalia tu. Yote sawa. Ila swali ambalo sijawahi kulisikia kijiweni wala redioni ni hili: mwaka huu vimechimbwa visima vingapi kule Buliisa? Maana bomba ni bomba tu jamani, chuma cha inchi 24, kilometa 1,443 kutoka Hoima mpaka hapa, halizai mafuta hata tone, linapitisha kinachosukumwa na visima, na visima haviko Tanga, viko Uganda pembeni ya Ziwa Albert.

Mi katika takwimu zote za mafuta na gesi hii ya visima ndo naiamini kuliko zingine, kwa sababu ni ngumu kuipamba. Waziri anaweza kutangaza kwamba chini kuna trilioni kadhaa za futi za ujazo, kampuni inaweza kutoa kijarida chenye picha za watu wamevaa helmeti wanacheka, lakini rigi, yaani mtambo wa kuchimba kisima, ikisimama saiti inakula hela kila siku ya Mungu, hakuna mtu anaiweka pale kwa ajili ya picha. Ndo maana Marekani wanahesabu rigi zinazofanya kazi tangu 1944, ilianza kampuni ya Hughes Tool, leo ni Baker Hughes, kila Ijumaa namba inatoka na soko zima linaisoma.

Sasa hiyo namba ukiipanga mwaka kwa mwaka inapanda na kushuka kuliko unavyodhani. Mwisho wa 1981 Marekani walikuwa na rigi 4,530, bei iko juu baada ya mapinduzi ya Iran, kila mwenye hela anatoboa ardhi. Bei ikaporomoka, Julai 1986 zikabaki 663. Miaka ikaenda, wakaja na ule uchimbaji wa kupasua miamba, 2014 zikafika zaidi ya 1,900, bei ikaanguka tena kutoka juu ya dola 110 kwa pipa katikati ya 2014 mpaka chini ya dola 30 Januari 2016, na Mei mwaka huo rigi zikawa 404. Watu wakasema chini zaidi ya hapo haiwezekani, ikaja korona, Agosti 2020 zikawa 244. Mwaka uleule Aprili 20 mkataba wa mafuta ya Marekani uliuzwa chini ya sifuri, kasoro dola 37 na senti 63, yaani mwenye mafuta ndo anakulipa wewe uyaondoe.

Kuna mtego hapo lakini na wachambuzi wengi wa mitandaoni wanauingia. Rigi zikipungua sio lazima mafuta yapungue. Mwaka 2024 Marekani walikuwa na rigi kama 600 hivi, chini ya theluthi moja ya zile za 2014, na bado walitoa wastani wa mapipa milioni 13.2 kwa siku, rekodi ambayo hakuna nchi imewahi kuifikia. Siku hizi rigi moja inachimba haraka, kisima kinashuka halafu kinalala kwenda pembeni kilometa mbili tatu au zaidi kikifuata mwamba, na pedi moja, yaani kiwanja cha kuchimbia, inabeba visima vingi bila mtambo kuhamishwa. Kwaiyo idadi ya rigi inakwambia pesa inaelekea wapi na wenye pesa wana hofu kiasi gani, mafuta yatakayotoka ni hesabu nyingine, unatakiwa uangalie visima vyenyewe, aina yake, na mwaka wa ngapi tangu vianze.

Na aina ni mbili na tofauti yake ni kubwa. Kuna kisima cha utafutaji, hiki ni kamari, mmepiga mitetemo ya kupima miamba ya chini, wataalam wamekaa na ramani, wanasema hapa huenda kuna kitu, mnachimba mnakuta maji ya chumvi. Kuna kisima cha uendelezaji, hiki mafuta yanajulikana yapo, kazi ni kuyatoa. Bei ikishuka kampuni huwa haigusi kwanza vile vya uendelezaji, inafuta vya utafutaji, maana ndo rahisi kufuta, hakuna anayekosa mafuta kesho kwa sababu kisima cha kamari hakikuchimbwa leo. Atayakosa miaka kumi baadaye, na wakati huo bosi aliyefuta ameshastaafu na marupurupu yake.

Sisi Watanzania tumeishi hiki kitu, tatizo tulidhani ni siasa tu. Visima vya kwanza virefu vya kutafuta mafuta walichimba BP na Shell miaka ya 1950, Mafia, Unguja, halafu Pemba mwaka 1962, hapa hapa ng'ambo yetu. Havikuwapa walichotaka wakaondoka. Agip wakapata gesi Songo Songo 1974 na Mnazi Bay 1982, na gesi ya Songo Songo ilianza kufika Dar 2004, miaka 30 baada ya kugunduliwa, wala hakuna aliyekuwa na haraka. Halafu likaja lile wimbi la bahari ya kina kirefu. Kati ya 2010 na 2015 visima vilichimbwa kimoja baada ya kingine na gesi ikawa inatoka tu, kampuni za Ophir na BG wakawa wanaviita majina ya viumbe vya baharini, Pweza, Chewa, Chaza, Jodari, Mzia, Statoil na ExxonMobil wakachagua viungo vya pilau, Zafarani, Tangawizi, Giligilani, Mdalasini. Tukafika trilioni 57.54 za futi za ujazo, bara na bahari. Wakati ule meli ya kuchimba kina kirefu ilikuwa inakodishwa mpaka karibu dola laki sita kwa siku, meli tu hiyo, bado saruji, mabomba, helikopta na mishahara.

Bei ilipovunjika mwishoni mwa 2014 lile wimbi likakatika. Mdalasini ya 2015 ndo kama ilifunga pazia. Mjini watu wakasema ni sheria zetu, na kweli sheria za 2015 na 2017 hazikumfurahisha mwekezaji, siwezi kukataa, lakini angalia tarehe vizuri, meli zilikuwa zinafungwa nanga kila mahali wakati huo, Brazil, Angola, bahari ya kaskazini kule Norway, sheria ya Dodoma haikuwa na uwezo wa kusimamisha meli za Angola. Sheria zilikuja kufanya kurudi kuwe kugumu, bei ndo iliyowaondoa. Januari 2021 Equinor, wale waliokuwa Statoil, wakafuta kwenye vitabu vyao dola milioni 982 za mradi wa gesi ya Tanzania, na kiwanda cha kugeuza gesi kuwa kimiminika cha Likong'o Lindi mpaka leo mazungumzo yanaisha yanaanza.

Na Tanga tulikuwemo kwenye wimbi hilo japo wengi hawakumbuki. Kulikuwa na kitalu, yaani eneo la kutafutia mafuta, kinaitwa kitalu cha Tanga, baharini hapo hapo kuelekea Pemba, kampuni ya Afren ya Uingereza ndo ilikuwa na hisa kubwa. Walipiga mitetemo, wakatoa ripoti zenye matumaini. Bei ikaanguka, madeni yakawazidi, viongozi wao wa juu wakawa wameshafukuzwa kwa tuhuma za kujichotea, Julai 2015 kampuni ikawekwa chini ya msimamizi wa ufilisi. Hakuna mtu wa Tanga aliandamana, wala hakukuwa na sababu, hakuna aliyekuwa ameshaona hata senti. Ila ukisoma habari ile pamoja na ile chati ya rigi za Marekani unaelewa kwamba kisima cha hapa Mkinga kinaweza kufutwa na bei iliyopangwa na watu wasiojua Mkinga ipo upande gani.

Si tulishapitia na mkonge? 1964 nchi hii ilizalisha kama tani 230,000 za mkonge na sehemu kubwa ni mkoa huu, Muheza, Korogwe, Pangani, reli, gati, majumba ya Raskazone, mji mzima ulisimama juu ya uzi mmoja. Ikaja kamba ya plastiki, bei ikafa, kukaja na kutaifisha na usimamizi mbovu juu yake, na tukaanguka. Uzuri wa mkonge ni kwamba shamba lilikuwa hapa, mtu anaona kwa macho kwamba mwaka huu hawajapanda. Mafuta ya Chongoleani shamba lake hatulioni, na wenye kupanda wako mbali.

Haya twende Buliisa. Uganda walithibitisha mafuta ya biashara 2006. Wakachimba visima vya utafutaji na tathmini zaidi ya 100, na karibu tisa katika kila kumi vilikuta mafuta au gesi, huo ni uwiano wa ajabu duniani, kwingine ukipata kimoja kwenye vitatu vinne unachinja mbuzi. Wakahesabu mapipa bilioni 6.5 chini, yanayoweza kutoka kama bilioni 1.4. Halafu wakakaa. Wakagombana na kampuni ya Tullow kuhusu kodi, wakabishana kuhusu kiwanda cha kusafisha, wakahangaika na njia ya bomba, Lamu au Mombasa au Tanga, Aprili 2016 tukashinda sisi, Agosti 2017 Magufuli na Museveni wakaweka jiwe la msingi Chongoleani, Tullow wakauza hisa zao kwa Total 2020 kwa dola milioni 575 wakaondoka, uamuzi wa mwisho wa kuwekeza ukaja Februari 1, 2022. Guyana waligundua mafuta ya Liza 2015 na Desemba 2019 mafuta yalikuwa yanatoka, miaka minne na nusu. Uganda ni miaka 20 kama ile tarehe ya 2026 itashika.

Kuna sababu za kweli, Guyana mafuta yako baharini, meli inapakia inaondoka, ya Uganda yako katikati ya bara na ni mazito kama nta, yakipoa yanaganda, kwaiyo bomba lote inabidi lipashwe moto mafuta yakae kama nyuzi 50 mpaka yafike kwetu. Ila nami naamini wangekuwa na haraka wangepata bei nzuri ya mikopo. Walipoanza kutafuta hela mabenki makubwa ya Ulaya na Marekani yalikuwa yameshaanza kukimbia mafuta, wanaharakati wanayasubiri mlangoni, mpaka Machi 2025 ndo awamu ya kwanza ya mkopo ikatangazwa, na waliokopesha ni Afreximbank, Standard Bank, KCB ya Uganda na wenzao. Gharama ya bomba iliyoanza ikitajwa dola bilioni 3.5 imeshapita bilioni 5.

Visima sasa. Mradi wa Kingfisher wa CNOOC, kampuni ya China, walianza kuchimba Januari 2023, mpango ni visima 31, 20 vya kutoa mafuta na 11 vya kusukumia maji. Mradi wa Tilenga wa TotalEnergies, ileile Total, na huu ndo wa Buliisa, walianza baadaye mwaka huohuo, mpango ni zaidi ya visima 400 na sehemu kubwa ya hivyo pia ni vya kusukumia maji chini ili mafuta yapande. Watu wakisikia visima 400 wanadhani vyote vinatema mafuta, hapana. Na havichimbwi vyote ndo mafuta yaanze, vinachimbwa vya kutosha kuanzia, halafu rigi zinaendelea mwaka wa pili, wa tatu, wa nne, zikiongeza. Hapo ndipo hesabu ya kila mwaka inapokuwa mali, maana mwaka ambao rigi zitapunguzwa Tilenga, sisi tutauona Chongoleani baadaye kidogo, kwenye meli.

Kisima cha mafuta hakikai kileleni. Kinaanza na nguvu, presha inashuka, maji yanaongezeka, mapipa yanapungua. Shirika la kimataifa la nishati, IEA, lilitoa ripoti Septemba 2025 baada ya kupitia maeneo kama 15,000 ya mafuta na gesi, na wakasema karibu asilimia 90 ya hela inayowekezwa kwenye utafutaji na uchimbaji duniani tangu 2019 inakwenda kuziba pengo la visima vinavyochoka. Soma tena hiyo. Dunia inachimba kama kichaa ili ibaki palepale ilipo. Sasa Uganda baada ya yale mafanikio ya mwanzo utafutaji mpya umekuwa wa kusuasua, waligawa vitalu kwenye raundi mbili, ya 2015 na ya 2019, waliochukua wengi ni kampuni ndogo, na ugunduzi wa kubadilisha picha sijauona. Mafuta tunayosubiri Tanga ni yaleyale yaliyopatikana kabla ya 2014.

Tufanye hesabu ya dukani. Kileleni Tilenga inatarajiwa kutoa mapipa 190,000 kwa siku na Kingfisher 40,000, jumla 230,000. Bomba limepangiwa 216,000. Kila pipa linalipa nauli ya dola 12.77. Zidisha, unapata kama dola milioni 2.76 kwa siku. Hela nyingi, japo sio yetu yote, kuna mikopo ya kulipa na TPDC, shirika letu la mafuta, wana asilimia 15 tu ya hisa, sawa na Uganda, TotalEnergies wana 62 na CNOOC 8. Lakini Uganda wana mpango wa kiwanda chao cha kusafisha pale Hoima, mapipa 60,000 kwa siku, wamesaini na kampuni ya Falme za Kiarabu, Alpha MBM, Machi 2025, na makubaliano yao tangu zamani ni kwamba kiwanda ndo kinachota kwanza. Siku kikikamilika toa 60,000 kwenye 230,000, kinachobaki kuja Tanga ni 170,000, nauli inashuka mpaka kama milioni 2.17. Na hiyo ni kileleni. Visima vikianza kuchoka, tuseme jumla imeshuka mpaka 160,000, kiwanda kinachukua 60,000 zake zilezile na Tanga inapata 100,000. Yaani upungufu wote unaangukia kwetu, kiwanda hakigusiki. Sijaona mtu akilisema hili kwenye zile semina za fursa za bomba, wanakufundisha jinsi ya kusajili kampuni ya usafi.

Najua nitajibiwa. Nitaambiwa Kongo ina mafuta upande wa pili wa Ziwa Albert, Sudan Kusini wanatafuta njia, hata mafuta ya Turkana ya Kenya waliyoyapata 2012 yamekwama miaka mingi, wote wanaweza kuja kupitisha kwetu. Inawezekana. Ila kila mmoja wa hao anahitaji rigi kwanza, na bomba la kumfikisha Hoima, na benki, na amani. Nitaambiwa pia Pemba ipo, kampuni ya RAK Gas walisaini na Zanzibar 2018, na PURA, wasimamizi wa utafutaji mafuta hapa nchini, wametenga vitalu 26 vya raundi ya tano, 23 baharini na 3 Ziwa Tanganyika, wakati raundi ya nne ilikuwa 2013. Safi sana, nasubiri rigi. Mwekezaji wa leo sio wa 2012, anataka mafuta ya karibu na ya haraka, na yule anayependa kamari ya kina kirefu pesa yake imeelekea Namibia tangu mafuta ya Venus na Graff yalipopatikana huko 2022. Kitu pekee kinachonipa moyo ni nchi kavu, Mnazi Bay wamerudi kuongeza visima na Ntorya imepata leseni ya uendelezaji, visima vya bei nafuu vyenye soko la gesi ndani ya nchi, ila hiyo ni Mtwara, sio sisi.

Kwaiyo Tanga tufanyeje, tukatae bomba? Nani kasema. Bandari yenyewe imechimbwa kutoka kina cha mita kama 3 mpaka 13, meli zinakuja gatini badala ya kushusha kwenye matishari, hiyo faida itabaki hata mafuta yakiisha. Ninachogombana nacho ni mipango ya jiji na ya watu binafsi inayochukulia kama vile shughuli ya sasa ndo itakavyokuwa miaka 25. Shughuli ya sasa ni ya ujenzi, malori, vibarua, mama ntilie, nyumba za kupanga zimepanda bei mpaka walimu wanalia. Ujenzi ukiisha matenki manne ya mapipa laki tano tano na jeti yake havihitaji umati, vinahitaji mafundi wachache wenye vyeti na walinzi. Ushuru wa huduma unaolipwa na makontrakta nao unaondoka na makontrakta. Aliyekopa benki kujenga lodji ya ghorofa tatu Chongoleani akitegemea wageni wa ujenzi, rejesho lake litakuwa bado lipo.

Uganda wenzetu mamlaka yao ya petroli, PAU, huwa wanasema visima vingapi vimeshachimbwa Tilenga na vingapi Kingfisher. Sioni kwa nini jiji la Tanga na TPDC wasibandike namba hizo kila robo mwaka pamoja na mapipa yaliyoingia kwenye matenki na meli zilizopakia, kwa Kiswahili, pale Tangamano watu wasome, na madiwani wapange bajeti ya ushuru kwa kuangalia robo nne zilizopita za kuchimba badala ya hotuba ya mwaka jana. Mkopeshaji wa ile lodji naye namba hizo zingemfaa, na nina wasiwasi yeye ndo atakuwa wa kwanza kuzisoma.